Don Eladio Atafuta Mkopo wa Gari la Umeme

Kila mchana, akitoka shuleni, Maripaz Chinchilla alivua viatu vyake barazani, akafungua mlango kwa ufunguo uliokuwa ukining'inia shingoni mwake, akasema, "Nimefika!" ingawa ndani hamkuwa na mtu wa kumjibu.

Alikuwa na umri wa miaka kumi na miwili. Mama yake alifariki yeye akiwa darasa la tatu, naye hakuwa na kaka wala dada. Baba yake, don Eladio (don kwa mwanamume na doña kwa mwanamke ni maneno yetu ya heshima), alikuwa mlinzi wa maegesho ya magari huko San José, mji mkuu wa nchi yetu ya Kostarika. Kutoka mji wetu mdogo wa Naranjo hadi San José ni safari ya basi ya kuumiza mgongo, kwa hiyo don Eladio aliondoka kabla jogoo hajawika na kurudi giza limekwisha kuingia. Katikati ya saa hizo nyumba ilikuwa ya Maripaz peke yake.

Alipasha moto wali na maharage, akala amesimama karibu na jiko, kisha akawasha redio. Hakujali habari wala matangazo ya biashara. Alitaka tu kusikia mtu akizungumza. Miezi ya mvua ilikuwa mibaya zaidi, maana mvua ya mchana ilipiga mabati kwa kishindo hata redio isisikike. Hapo alikaa dirishani akitazama maji yakiteremka barabarani kutoka kwenye mashamba ya kahawa, na upweke ukamkaa kifuani mpaka akatamani kulia.

"Umeshindaje, mama?" don Eladio aliuliza kila jioni, akivua koti.

"Maisha safi, Papi," Maripaz alijibu.

Hivyo ndivyo tunavyojibu sisi watu wa Kostarika. Mtu anaweza kuwa amevunjika mguu, na ukimjulia hali atakuambia maisha safi. Tena tuna adabu nyingine inayowashangaza wageni: hatupendi kusema hapana. Ukimwalika mtu harusini naye hana nia ya kuja, atakujibu, "Mungu akipenda." Ukimwomba ngazi yake naye hataki kuitoa, atasema, "Tutaona." Neno hapana tunaliona kama kumfungia mtu mlango usoni. Na katika Naranjo nzima hakuna aliyekuwa na adabu hiyo kumzidi don Eladio. Aliwahi kununua mashine ya kukamua machungwa mara mbili kwa mchuuzi yuleyule, kwa sababu aliona haya kumwambia kwamba anayo tayari.

Mwezi wa Juni ilikuja bahati. Huko juu mlimani, katika kitongoji cha Guarumal, watoto walikuwa wakishuka kwa miguu hadi shuleni na kurudi wakilowa. Jumapili moja baada ya misa, wazazi wao walimzunguka don Eladio nje ya kanisa. Walijua kwamba zamani alikuwa dereva wa malori ya kahawa na hakuwahi kupata ajali.

"Ukipata gari, don Eladio, tutakulipa kila mwezi uwapeleke na kuwarudisha," walisema. "Tuko wazazi saba, na kila mmoja ana mtoto mmoja."

"Nyote saba?" aliuliza don Eladio.

"Bila shaka! Kwa furaha!" waliitikia wote.

Usiku ule don Eladio hakukaa kitini. Alieleza huku akitembea jikoni huku na huko. Kibali cha kubeba wanafunzi hakitolewi kwa gari kuukuu, kwa hiyo lazima liwe jipya. Gari la petroli halifai, maana mlima wa Guarumal ungekunywa faida yote. La umeme ndilo lenyewe. Usiku utalichaji nyumbani kwa bei nafuu, na likiteremka mlima linajirudishia chaji kidogo.

"Na kazi ya San José?" aliuliza Maripaz.

"Nitaiacha. Asubuhi nitawashusha watoto, adhuhuri nitawapandisha. Baada ya hapo nitakuwa hapa nyumbani. Mchana tutakula pamoja, mama, mimi na wewe, kila siku."

Maripaz alimkumbatia kiunoni, akabaki hivyo kwa muda. Kwake halikuwa jambo la gari hata kidogo.

Kilichobaki ni mkopo. Benki ya kwanza, kijana mmoja aliyevaa tai aliwakaribisha kahawa, akamsifu Maripaz kwa nywele zake, akasema, "Tutakupigia, don Eladio." Hadi leo hajapiga. Benki ya pili walitaka alipe kwanza kianzio kikubwa ambacho don Eladio asingekipata hata angeuza paa la nyumba. Alitoka akiwashukuru kana kwamba wamempa zawadi.

Mwishowe wakaenda kwenye duka la magari huko Alajuela. Hapo walimkuta don Randall Quesada, mtu wa tabasamu pana na manukato mengi. Gari lenyewe lilikuwa jeupe, lenye viti vinane, na ndani lilinuka upya. Maripaz aliketi kiti cha mbele akafunga mkanda.

"Kianzio ni kiasi gani?" don Eladio aliuliza kwa sauti ndogo.

"Kianzio cha nini, mzee wangu? Sifuri! Wewe unachukua funguo, unakwenda zako."

"Na rejesho la kila mwezi?"

Don Randall akalitaja. Lilikuwa dogo, dogo kuliko don Eladio alivyothubutu kuomba katika sala zake. Uso wake ulikunjuka. Kisha Maripaz akamwona anafungua mdomo kama mtu mwenye swali, anaufunga tena, anatazama viatu vyake.

"Kuna jambo, don Eladio?" aliuliza muuzaji.

"Hapana... yaani, hakuna jambo. Bila shaka, don Randall. Kwa furaha."

Wakakubaliana kwamba Jumamosi ijayo atakuja kutia sahihi.

Jumanne mchana mvua ilikuwa inanyesha na Maripaz alikuwa peke yake, kama kawaida. Simu ya nyumbani ikalia. Aliikimbilia, maana hata mtu aliyekosea namba ni mtu.

"Binti mrembo! Ni Randall wa magari. Baba yupo?"

"Bado yuko kazini, don Randall. Anarudi usiku. Utampigia usiku?"

"Aa, nisimsumbue, maskini, atakuwa amechoka. Wewe ni msichana mwerevu, utamfikishia neno. Mwambie kwamba yale marejesho ni ya dola, si fedha yetu ya koloni, kwa hiyo yatapanda na kushuka kidogo kufuatana na dola. Na mwambie pia mwishoni, mwaka wa tano, kuna lile rejesho kubwa la kufungia deni. Karibu nusu ya bei ya gari. Asipokuwa nalo, basi gari linarudi kwetu. Lakini miaka mitano ni mbali, binti, nani ajuaye? Utamwambia?"

"Ndiyo," alisema Maripaz.

"Malaika wewe!" Simu ikakatwa.

Maripaz alisimama na mkono wa simu mkononi. Alikuwa mtoto, lakini hesabu ya kwao aliijua. Baba alilipwa kwa koloni, na wazazi wa Guarumal wangelipa kwa koloni. Nusu ya bei ya gari hawakuwahi kuiona nyumbani mwao, wala hawakumjua mtu aliyeiona. Alielewa pia kwa nini don Randall hakutaka kupiga usiku. Aliona haya kumpa mtu mzima neno baya, akamtwika mtoto.

Jioni baba yake aliingia akipiga mluzi. Alikuwa amenunua keki ndogo ya nazi, akaikata katikati.

"Umeshindaje, mama? Kuna yeyote aliyepiga?"

Maripaz aliitazama ile keki. Aliona michana yote iliyokuwa mbele yake, mmoja baada ya mwingine, yenye kelele za mabati na redio.

"Hakuna, Papi. Maisha safi."

Alidhani uongo ule ungemletea baba yake nyumbani. Badala yake ulimwondoa hata pale alipokuwapo. Jumatano jioni waliketi meza moja, don Eladio akisimulia jinsi watakavyopanda hadi volkano siku za Jumapili, na Maripaz alimsikia kana kwamba yuko ng'ambo ya mto. Alhamisi alijifanya ana usingizi ili asikae naye. Upweke wa mchana alikuwa ameuzoea. Huu wa kukaa na mtu unayempenda huku umemficha neno hakuwahi kuuonja, na ulimchoma vibaya zaidi.

Ijumaa jioni alikwenda kununua mayai dukani kwa doña Xinia, jirani yao, mjane mwenye sauti ya kengele. Doña Xinia alikuwa akibandika bei mpya ya sukari na kunung'unika.

"Dola imepanda tena, mwanangu. Ikikohoa huko kwao, sisi huku tunalazwa hospitali. Unamkumbuka kaka yangu Hernán? Pikapu yake ilikwendaje?"

"Aliiuza?"

"Aiuze wapi! Aliikopa kwa dola na yeye anauza nyanya kwa koloni. Dola ikapanda, deni likapanda, nyanya zikabaki palepale. Walikuja kuichukua asubuhi, na makreti ya nyanya bado yamo ndani. Tangu siku hiyo anakwenda kulima mashamba ya watu." Alihesabu mayai. "Na tulipomuuliza kwa nini hakumuuliza muuzaji, unajua alijibuje? 'Nilishasema ndiyo.' Haya, chukua mayai, mbona umekuwa mweupe hivyo? Unaumwa?"

"Siumwi, doña Xinia. Maisha safi."

Doña Xinia alimtazama kwa muda mrefu. Maripaz alirudi nyumbani ameyakumbatia mayai kifuani. Alijua sasa kwamba gari lile lisingemleta baba yake nyumbani. Lingemkalisha karibu naye miaka mitano, kisha lingemrudisha San José, safari hii akiwa na deni na bila akiba. Hata hivyo usiku ule pia alishindwa kusema. Mara mbili alikwenda hadi mlango wa chumba cha baba yake, akasikia anavyokoroma kwa raha, akarudi kitandani.

Jumamosi don Eladio alivaa shati lake la harusi. Huko Alajuela, don Randall aliwapokea kwa mikono miwili, akawaketisha, akawapa kahawa, akasogeza karatasi na kalamu. Mwenyewe alisimama nyuma ya kiti, na Maripaz akaona kwamba hamtazami baba yake machoni.

"Kila kitu kiko sawa, don Eladio? Binti alikufikishia?"

"Alinifikishia," alijibu don Eladio haraka. Hakujua anaulizwa nini, lakini kukiri kwamba hajui lingekuwa jambo la haya. Akaishika kalamu.

 Maripaz alitazama mkono wa baba yake ukishuka kwenye karatasi.

"Hapana," alisema.

Neno lilitoka kwa sauti kubwa kuliko alivyokusudia. Mteja mmoja aligeuka. Don Randall akacheka kicheko kikavu.

"Hapana nini, binti?"

"Papi, usitie sahihi. Sikukufikishia. Alipiga Jumanne nami nikakuambia hakuna aliyepiga." Machozi yalikuwa yanamtoka lakini hakunyamaza. "Ni dola, Papi. Na mwaka wa tano utalipa karibu nusu ya bei ya gari kwa mkupuo mmoja, usipoweza watalichukua. Nilikuficha. Nilitaka uwe unakula mchana na mimi."

Kalamu ilibaki hewani. Don Eladio alimgeukia muuzaji taratibu.

"Ni kweli, don Randall?"

"Nilimwambia mtoto," alisema don Randall, akipangusa paji la uso. "Nilimwambia kila kitu, neno kwa neno."

"Ulimwambia mtoto," alirudia don Eladio.

 Sisi tunaomjua don Eladio tungeweza kuapa nini kitafuata: angetabasamu, angeomba radhi, pengine angetia sahihi ili asimwaibishe mwenyeji wake. Naye kweli alianza hivyo. "Basi, don Randall, Mungu akipenda, siku nyingine tuta..." Akasita. Alimtazama binti yake, ambaye pua ilikuwa inamchuruzika mbele za watu na hajali. Akaiweka kalamu mezani.

"Hapana, don Randall," alisema. "Sitalichukua. Asante kwa kahawa."

Nje mvua ilikuwa imeanza. Walisimama chini ya paa la duka la mikate, wakingoja basi. Don Eladio alitazama barabara, si binti yake.

"Umeniumiza," alisema mwishowe. "Nilikuuliza nawe ukanidanganya usoni huku unakula keki yangu."

"Nisamehe, Papi."

"Nakusamehe. Lakini nami nina langu. Siku ile ya kwanza nilitaka kumuuliza mbona rejesho ni dogo hivyo. Swali lilinifika kwenye ulimi. Nikaona haya, kwa kuwa alikuwa mwema kwetu." Alikung'uta maji kofiani. "Wewe umenificha, yule amejificha nyuma yako, na mimi nimejificha mwenyewe. Watu watatu wenye adabu njema, karibu tuizike nyumba. Sasa niambie kweli. Ukirudi shuleni mchana, unashindaje?"

Maripaz alizoea jibu moja tu, nalo lilikuwa limekwisha mfika mdomoni. Akalimeza.

"Vibaya, Papi. Nawasha redio ili nisikie mtu. Mvua ikinyesha siisikii hata hiyo, na naogopa."

Don Eladio alimvuta kifuani, shati la harusi likalowa. Hakuwa amewahi kulijua jambo hilo, kwa kuwa kila siku aliuliza na kila siku akajibiwa vizuri.

Kesho yake alipanda Guarumal kwa miguu, nyumba kwa nyumba. Safari hii hakukubali kuitikiwa kwa furaha tu. "Niambie ndiyo au hapana," aliwaambia, "na hapana yako haitavunja urafiki wetu. Nataka kukopa kwa ajili ya neno lako." Watu walijikuna vichwa. Wengine walitazama kuku. Lakini mwisho wa siku wazazi wanne walisema ndiyo, na watatu walisema, kwa taabu kubwa, hapana. Mmoja alikuwa anahama, na wawili hawakuwa na fedha hizo tangu mwanzo.

"Wanne tu!" Maripaz alisikitika.

"Wanne wa kweli," alisema don Eladio. "Na wale saba wangenizamisha hata bila ya dola. Kwa wanne litanitosha gari dogo."

Jumatatu aliomba ruhusa kazini, wakaenda kwenye ushirika wa wakulima wa kahawa, hapa hapa Naranjo, ambao huwakopesha wanachama wake, naye alikuwa mwanachama tangu siku za malori. Afisa wa mikopo, doña Grettel, alikuwa mwanamke mnene mwenye miwani, asiye na manukato wala kahawa ya kukaribisha. Don Eladio aliketi wima kama mwanafunzi wa mtihani.

"Mkopo huu ni wa koloni au dola?" aliuliza.

"Koloni."

"Riba itabadilika?"

"Haitabadilika. Kwa magari ya umeme ni ya chini, na mkopo tutaurefusha miaka minane ili rejesho lisikubane."

"La mwisho ni kubwa kuliko mengine?"

"Yote ni sawa, la kwanza hadi la mwisho." Doña Grettel alimtazama juu ya miwani. "Lakini kianzio lazima, don Eladio. Ukiweka akiba kwetu kila wiki, utakifikisha mwezi wa Februari. Kabla ya hapo, hapana."

"Hapana," alirudia don Eladio, na Maripaz akashangaa kumwona anatabasamu.

Februari ilikuwa mbali. Maripaz aliyajua hayo, na usiku ule alilia kidogo, kwa kuwa kusema kweli hakukuwa kumeifuta hata siku moja ya kungoja. Lakini asubuhi baba yake alivuka barabara, akamuuliza doña Xinia waziwazi kama mtoto anaweza kushinda dukani kwake mchana.

"Jumatatu hadi Alhamisi, ndiyo," alijibu doña Xinia. "Ijumaa hapana, nina mazoezi ya kwaya. Na mimi nilidhani binti anapenda kukaa kwake! Kila nikimuuliza ananiambia maisha safi."

Kwa hiyo miezi ile Maripaz alipanga makopo, alipima sukari, alibishana na doña Xinia juu ya kila kitu, na Ijumaa alivumilia. Mwaka mpya wa shule ulipofunguliwa mwishoni mwa Februari, gari dogo la kijani lilikuwa linachajiwa kando ya nyumba. Jumatatu ya kwanza don Eladio aliteremsha watoto wanne wa Guarumal, adhuhuri akawapandisha wakavu, wakiimba. Mama mmoja wa kule juu alimsimamisha amwombe nafasi ya mtoto wa tano.

"Hapana, doña, viti vimejaa," don Eladio alimwambia. Akangoja mama yule akasirike.

"Afadhali umeniambia," alisema yule mama. "Nitamtafuta mwingine leo hii."

Mchana ule Maripaz alikuwa amepika mwenyewe, wali na kuku, kwa fahari kubwa. Don Eladio aliketi mbele yake, jua likiingia dirishani, akaonja.

"Ukoje, Papi?"

Don Eladio alitafuna. Akafungua mdomo, akaufunga, akakohoa.

"Chumvi imezidi, mama. Sana."

Maripaz aliangua kicheko mpaka akashika mbavu, na baba yake pia, akinywa maji gilasi ya pili. Walipotulia, don Eladio alijiongezea wali huohuo.

"Sikiliza, binti yangu," alisema. "Adabu ni nzuri, usiiache. Lakini usiifanye pazia la kufichia kweli. Kweli ikisemwa mapema huuma, kisha watu hubaki wawili mezani. Ikifichwa, kila mtu hula peke yake, hata mkiwa kwenye sahani moja."